Mzigo Alioshuka Nao Bukene

Silasi Masele alikuwa na mdomo, hilo lisemwe kwanza. Enzi zile alipokuwa fundi kwenye karakana ya reli pale Tabora, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, hakuna aliyemweza. Mmoraviani mwema, pombe hagusi, mke hampigi, lakini majigambo, jamani! Akienda likizo kwao, nje kidogo ya Bukene, wenzake wakizungumzia ng'ombe yeye huguna tu. "Ng'ombe hufa," anasema. "Nyumba ya bati mjini haifi. Mimi uzee wangu watanilisha wapangaji."

Shilinde, kaka yake mkubwa, mkulima asiyejua hila, alimsikiliza akamwamini. Silasi alipokwama katikati ya kuezeka nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo, Shilinde aliwatoa zizini ng'ombe aliokuwa akijiwekea kwa uzee wake mwenyewe, akawauza mnadani, akamletea mdogo wake fedha zimefungwa kwenye pindo la shuka. "Ukistaafu utanirudishia zizi langu," alisema.

"Kaka, nitakurudishia mazizi mawili!" Ndivyo alivyojibu, tena kwa kicheko.

Na kweli miaka ya mwanzo nyumba ilijaa. Kila chumba kilikuwa na mtu wa reli, na kila mwisho wa mwezi Silasi alikaa barazani kwa raha zake akingoja kodi. Kisha ukaja ule ubaya wa mwanzo wa miaka ya thelathini, bei ya karanga na pamba ikaporomoka, mabehewa yakaanza kwenda matupu. Wakubwa wakapunguza mishahara. Watu wakanung'unika, wakanywea. Wakapunguza tena, na safari hii wakapunguza na watu wenyewe. Sasa hapo ndipo ujanja wa Silasi ulipomtokea puani, maana mshahara wake na kodi ya nyumba yake vilikuwa vikitoka mfuko mmoja, naye miaka yote hiyo hakuliona. Wapangaji walifunga virago wakarudi makwao kulima. Baada yao akaitwa yeye, akashukuriwa kwa utumishi mwema, akapewa kiinua mgongo ambacho kiliishia kwenye unga na kodi ya kiwanja huku akingoja wapangaji wapya. Hakuja hata mmoja.

Akatangaza kuiuza nyumba. Aliyekuja ni Shaban, mfanyabiashara wa pale mjini, mtu mpole mwenye kanzu safi. Hakuingia hata ndani. Alizunguka nje, akainua bakora akagonga bati, akasikiliza.

"Nyumba siitaki, Bwana Silasi," alisema. "Nyumba zimejaa mji mzima, hazina watu. Bati nitachukua."

Vibarua wake waliiezua asubuhi moja. Silasi mwenyewe aliwashikia ngazi, majirani wakitazama, naye alikodolea macho vidole vya miguu yake. Mvua za kwanza zilipopiga, kuta zikaanza kumeguka, na fedha za bati zikaliwa mpaka ikabaki nauli tu.

Basi akatuma salamu Bukene kwa mtu wa treni: nimestaafu, nakuja. Alikusudia kusema na mengine, ulimi ukagoma.

Ukoo wao, tangu marehemu baba yao alipokuwa mpagazi wa misafara ya pwani, ulikuwa na desturi yake. Mtu akirudi kutoka kazi ya mbali, ndugu wa damu humpokea njiani akajitwika mzigo wake, na mwenye mzigo hutangulia mikono mitupu mpaka nyumbani, ambako wanawake humpokea kwa vigelegele. Mzigo haufunguliwi siku ile. Uzito wake tu ndio husemwa. Silasi alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake blanketi na shati moja. Alilala macho akiwaza kaka yake atakavyolinyanyua kwa mkono mmoja. Kulipokucha akaenda kwenye magofu ya nyumba yake, akang'oa mawe ya msingi, akayapanga sandukuni, akayafunika kwa lile blanketi.

Mkewe Minza alimkuta anatia kufuli. "Nini hicho?"

"Niache, mama."

Minza alifunua, akatazama, akafunika. "Silasi, umerukwa na akili? Utamtwisha Shilinde mawe?"

"Nitasema ufunguo umepotea. Nitalima pamba, nitanunua ndama mmoja mmoja. Nahitaji muda tu."

"Mimi sipandi treni na mawe," alisema Minza. "Nenda. Mimi nitafuata ukishakuwa mtu." Akaenda zake kwa dada yake huko Cheyo, wala hakugeuka.

Pale stesheni ya Bukene, Shilinde alikuwa amekwisha kufika, amevaa koti lake la kanisani, ngata mkononi. Alikuwa amezeeka! Silasi alimwamkia, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu, marahaba!" Mzee akalishika sanduku alinyanyue, likagoma. Akalitazama, akamtazama Silasi, uso wote ukamchanua. "Ala! Masele! Umefanya kazi, bwana." Vijana wawili waliokuwa wakipita wakajitolea kusaidia, akawafukuza. "Huu ni mzigo wa damu yangu. Nitwisheni tu."

Wakashika njia, Silasi mbele, mikono mitupu. Nyuma yake alisikia kaka yake akihema, na kila pumzi ilimchoma. Naye Shilinde hakunyamaza. Amekwisha kulizungushia zizi miiba mipya, alisema. Mke wake amesuka kamba. Mama yao, ambaye macho sasa yanaona ukungu tu, ameomba aketishwe mlangoni tangu alfajiri. "Watu walinicheka, Silasi. Walisema mjini ng'ombe wangu wamegeuka moshi. Leo watanyamaza, ee?"

Moyoni Silasi alijitukana matusi ambayo Mmoraviani hatakiwi hata kuyajua.

Kwenye korongo, kabla tu ya mashamba, mguu wa Shilinde ulimsaliti. Alipiga goti moja chini, shingo inatetemeka, mikono yote miwili imeng'ang'ania sanduku lisianguke. "Lisivunjike," alikuwa akisema, "lisivunjike, lisivunjike."

"Litue, kaka."

"Tumefika."

"Litue, nakuomba kwa Mungu." Akalipokea, akaliweka chini. Akavua ufunguo shingoni kwake, akafungua, akaondoa blanketi. Hakuweza kuinua uso. "Nyumba haipo. Bati waliezua, fedha zikaisha. Ng'ombe wako hawapo, kaka. Haya ni mawe. Niliona haya kuja na sanduku jepesi, nikaona heri nikutwishe mawe. Nipige."

Shilinde hakumpiga. Alichutama mbele ya sanduku, akagusa jiwe la juu, kisha la chini yake, kana kwamba huenda katikati kukawa na kitu. Hakikuwapo. Alikaa hivyo mpaka Silasi akatamani apigwe kweli.

"Wote?" aliuliza mwishowe.

"Wote."

Mzee alifuta jasho kwa mkono wa koti. Akafunika blanketi, akafunga kifuniko. Akaiokota ngata, akaikung'uta vumbi, akaiweka kichwani.

"Nitwishe."

"Kaka, nimekwambia ni mawe!"

"Nimesikia. Sijawa kiziwi." Sauti yake ilikuwa ndogo, imechoka. "Mama yuko mlangoni. Ameniambia asubuhi akisikia tu kwamba mwanawe amerudi na mzigo, imetosha. Hayo mengine tutayazungumza kesho, na utayasema wewe, mbele ya mke wangu. Leo nitwishe."

Silasi alilitazama lile shina la shingo lililochubuka. Akainama, akaliinua sanduku kwa mikono yake mwenyewe, akamtwisha kaka yake kwa mara ya pili, na sasa wote wawili wakijua.

"Tangulia," alisema Shilinde.

Akatangulia. Walipotokea penye mashamba, wanawake wakawaona, vigelegele vikapanda kutoka nyumba hadi nyumba, na mama yao akasikika akiuliza kwa sauti, "Ni mzito? Niambieni, ni mzito?"

"Mzito, mama," alijibu Shilinde. "Mzito sana."