Mstari wa Jumapili

Asubuhi hii nimefungua kopo la polishi nyeusi, na harufu yake imenirudisha mtaa wa Huruma, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Jirani yetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na goti lake moja lilikuwa halikunjiki. Kila Jumapili kabla ya kanisa aliwapanga watoto wake watatu mlangoni, akaita, "Hesabu!" Nao wakapaza sauti: moja, mbili, tatu. Kisha aliinama kwa shida, akatemea kitambaa mate, akawasugua viatu mpaka vikang'aa. Saa hiyo baba yangu alikuwa bado amelala na viatu vyake miguuni.

Niliwaonea wivu hao watoto mpaka nikawachukia. Jumapili moja nilisimama mwisho wa mstari, na baada ya tatu nikapaza sauti, "Nne!"

"Baba, huyu si wetu," binti yake mkubwa akasema.

Mzee akanitazama, kisha akatazama raba zangu nyeupe zilizotoboka. "Amehesabu," akamjibu. "Sogea, asimame vizuri."

Akazipiga raba zangu polishi mpaka zikawa nyeusi tititi. Mama alinichapa kwa kuziharibu, lakini nilikataa kuziosha. Nilizivaa hivyo mpaka zikaisha.

Viatu ninavyong'arisha leo ni vya kuendea mazishi ya mzee huyo. Watoto wake watasimama mbele kwa mstari, kando ya jeneza. Mimi nitakaa nyuma na majirani, na hesabu itaishia tatu.