Bomba la shaba lililokatika bila kukatwa

Wakuu, nawasalimu kila mmoja kwa cheo alichostaafu nacho.

Daftari letu hili la kupokezana limenifikia Ipinda jana, baada ya kupita kwa wenzetu wa Ngana na Makwale. Nimesoma yote yaliyoandikwa humo. Mmoja wenu ameandika kwamba "karani fulani wa bandarini alificha uovu wa mzee wa pampu."

Karani huyo ni mimi. Nimeudhika, wala sioni haya kusema hivyo.

Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Nisichokielewa nitakiri kwamba sikielewi, nacho si kidogo.

Nilikuwa karani wa boma dogo la Wadachi, yaani Wajerumani, pale Mwaya, ufukweni mwa Ziwa. Pampu ya mkono ilivuta maji ziwani na kuyapeleka kwenye tangi la nchi kavu la kujazia meli ya moshi kwa bomba jembamba la shaba. Mtunza pampu alikuwa Mzee Asegelile, mtu mpole, mwenye kikohozi.

Kila jioni nililitazama bomba lile toka mwanzo hadi mwisho, nikaandika kitabuni: salama.

Asubuhi moja likakutwa limekatika, hatua moja kutoka kwenye pampu. Halikuwa na alama ya panga wala ya msumeno.

Bwana Mkubwa, Mdachi mkuu wa boma, alikuja mbio, kiko cha tumbaku mdomoni.

"Nani amelikata?"

"Sijalikata, bwana," akasema Asegelile. "Nimelisogeza tu, kama siku zote."

Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeyajali. Hata mimi sikuyajali, nami ndiye niliyelipwa kuandika maneno.

Bwana Mkubwa akafungua kitabu changu. Jana yake jioni: salama. Basi, akasema, kitu kizima hakikatiki chenyewe. Mzee ataje aliyemtuma, ama mchana wa kesho apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Wakuu, mgongo ule usingebeba hata kumi. Na shahidi aliyemtia hatiani alikuwa mwandiko wangu!

Asegelile aliketishwa barazani, chini ya ulinzi wa askari. Mimi nikarudi mezani nikiwa nimechanganyikiwa kabisa.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Ugonile, tata," yaani hujambo, baba.

Alikuwa Tusajigwe, mke wa mtoto wa Asegelile. Hakuweza kuja mbele, kwa kuwa baba mkwe wake alikuwa pale. Mmoja wenu ni mtu wa pwani, hivyo naeleza: kwetu Unyakyusa mkwe hamtazami baba wa mumewe, hamkaribii, wala halitaji jina lake.

"Mwambie Mzungu," akasema, "bomba lile lilikuwa mlango wangu."

"Mlango wa nini, mwanangu?"

Akanieleza. Njia ya kuchotea maji ilipita mbele ya pampu, alipokuwa akisimama yule asiyemtaja. Yeye alipita nyuma, lakini huko bomba lilikingama. Basi kila alipokuja na chungu chake alisimama mbali akakohoa. Mzee alichomoa ncha ya bomba kwenye tangi, akalisogeza kando kama mlango wa zizi, likipindika pale karibu na pampu, akageuza uso. Akishapita, mzee alilirudisha. Hivyo wakati wa kwenda, hivyo wakati wa kurudi, kila siku.

Nililijua jambo hilo muda wote! Nililiona mara nyingi nikiwa dirishani. Sikuliandika hata mara moja, kwa sababu heshima si tukio.

Nilimwendea Fundi Salumu wa melini, mtu wa Bagamoyo, nikamuuliza kama kusogeza tu kunaweza kuvunja shaba. Akacheka.

"Karani, kiuno cha mzee huvunjika siku moja? Huinama, huinama, halafu siku ya kuokota sindano kinagoma."

"Shaba haina kiuno, fundi."

"Twende kwa bwana wako ukaone kiuno."

Mbele ya Bwana Mkubwa, fundi akashika kipande kilichobaki cha bomba lilelile. Akakipinda kidogo, akakirudisha. Akakipinda, akakirudisha, polepole, mahali palepale. Bwana Mkubwa akasema shaba haichoki, wavivu ndio huchoka. Kabla kiko chake hakijazimika, fundi alikuwa na vipande viwili mikononi.

Bwana Mkubwa alitazama ule mvunjiko, akatazama ule wa pampuni. Ilifanana.

"Mwachieni mzee," akasema. Kisha akanigeukia. "Kumbe kitabu chako kimekuwa kikisema uongo kila siku."

Bomba jipya tulilifukia ardhini, naye Tusajigwe akapita juu yake bila kukohoa. Asegelile aliniambia, "Ndaga fijo, karani," yaani asante sana. 

Basi hakuna uovu uliofichwa, na mwandishi wa maneno yale ayafute kwa mkono wake mwenyewe.

Funzo nililopata ni hili: kitu usikitazame tu. Muulize anayekitumia, hasa yale anayoyaona madogo mno kuyasema.

Lakini neno "uongo" linaniuma hadi leo. Kila jioni nilitazama, na kila jioni bomba lilikuwa zima. Siku ya kwanza lilipopindwa lilikuwa salama. Siku ya pili vilevile. Ni jioni ipi, wakuu, ambayo ilinipasa kuandika vingine?

Nimeacha kurasa mbili tupu hapa chini. Anayeijua jioni hiyo aiandike, na aweke jina lake.