Kidole ya Delko mu Koti ya Papa

Wakati yetu kule Rubondo, ndani ya kambi ya bakimbizi ya Nakivale, Uganda, kila mutoto alikuwa na gari. Siongope. Batoto ba leo banalilia simu, sisi tulikuwa tunalilia kopo ya mafuta ya kupikia, ile ya bati yenye ilikuwa inakuja pamoja na maharagi na unga ya musaada, imeandikwa USA kwa mbavu. Kopo ikiisha mafuta, unaikata na kisu ya Mama yenye hukuomba ruhusa, unachonga magurudumu mu sapato ya kuzeeka ya mutu mwenye bado anaitafuta, na gari iko tayari. Unaifunga kamba, unaikokota mu vumbi nyekundu mpaka karibu na ziwa, na mudomo njo inafanya kazi ya moteri. Mimi nilikuwa musichana, lakini kwa moteri ya mudomo hakuna kijana alinishinda. Bwana yangu anasema mpaka leo haijazimika.

Yangu ilikuwa kamio, lori ya Amerika, juu Papa yangu alikuwa shofere wa kamio ya Amerika. Ku Nakivale alikuwa analima mahindi na maharagi sawa bengine bote, tena bibaya, mistari yake ilikuwa inapinda sawa barabara ya mulima. Lakini ukimuuliza kazi, anajibu, "Shofere." Kule kwetu, Kivu ya Kusini, alikuwa anabeba mihogo na ndagala ya kukauka, kutoka Baraka mpaka Uvira, na kamio ya bluu yenye alinunua kwa Mugiriki moja. Ilikuwa bluu yote, isipokuwa mulango ya upande wa shofere. Ile ilikuwa kijani, juu mulango ya kwanza ilianguka mu mutoni na haikuonekana tena. Juu ya ule mulango wa kijani Papa aliandika na mukono yake MAMA FURAHA, jina ya mama yangu, na ile A ya mwisho ilikosa fasi, akaiweka chini.

Jina ya kampuni yenye iliitengeneza nyinyi bote munaijua. Papa hakuwa anaitaja. Alikuwa anasema tu "Kampuni", na sauti ya chini, sawa vile batu banasema "Bwana" mu kanisa.

Sasa mimi na akili yangu nikaunganisha. Kamio inatoka Amerika. Mwalimu alituambia ile herufi ya ku kopo maana yake ni Amerika. Basi ni kiwanda moja! Asubuhi banafunga matairi ya kamio, muchana banajaza mafuta ya kupikia mu kopo, mangaribi banalala. Mwezi wenye mafuta ilichelewa kuja, nilikimbia mpaka ku shamba.

"Papa! Kampuni yako imeanguka?"

Papa alisimama na jembe yake. "Haijaanguka. Inavuta pumzi."

Jirani yetu Baba Yozefu, Murundi mwenye alikuwa anauzisha chumvi na sabuni, alisikia. Huyo mutu hakuwahi kuendesha hata kinga, baiskeli ya miguu mbili, lakini kwa magari alikuwa wa Japani, sawa vile kwa kanisa alikuwa Mukatolika. Siku ile hakuuza chumvi, alizunguka tu kambi nzima anacheka. "Kampuni ya Shofere imeshindwa na gari, sasa inauzisha mafuta ya kukaangia!"

Sasa nieleze kidole. Mu gari ya petroli ya zamani kuko kitu kinaitwa delko. Ndani yake kuko kipande kidogo, urefu sawa kidole ya mutoto, kinazunguka na kugawia moto kila buji, zile plagi za moteri, moja kwa moja. Tulikuwa tunakiita kidole ya delko. Ukikitoa, hata uwe na ufunguo ya dhahabu, gari haiwake. Siku tulikimbia vita, petroli ilikuwa imeisha. Papa aliingiza kamio mu hangari ya rafiki yake ku Sange, akafungua moteri, akachomoa kidole, akaitia mu mufuko ya koti. Mama alibeba mimi na bibliya. Sufuria ilibaki juu ya moto.

"Mwanaume wa batu alikimbia na kidole ya gari," Mama alikuwa anasema kila mara akiomba jirani sufuria. "Kama ningemuacha achague, angebeba na tairi, mimi angeniacha hangari."

Papa hakuwa anakasirika. Alikuwa anatoa kidole mu koti, anaipangusa na kitambaa, anatuonyesha. "Basoda bapite, bezi bapite. Bila hii, haiende. Iko inatungojea." Na sisi tuliamini. Bengine mu kambi balikuwa na shamba kule nyumbani, lakini shamba mutu anaweza kuikalia. Bengine balikuwa na nyumba, nyumba inaunguzwa. Sisi tulikuwa na kamio yenye haiwezi kuenda fasi yoyote bila Papa. Nilikuwa nalala bizuri kwa sababu ya ile.

Nilipofika miaka kumi, nikashinda mutihani wa kuingia darasa ya tano. Usinishangae, hata mimi nilishangaa. Papa akasema tutaenda ku Mbarara kununua biatu bya shule, byeusi, bya kufunga na mukanda. Biatu byangu bya kwanza byenye habikuwa na mutu mbele yangu. Tulipanda juu ya gari ya ndizi mpaka Kaberebere, kutoka pale tukapata ingine mpaka mujini. Nilikuwa nimenawa miguu mara tatu, na mara tatu vumbi ikarudi.

Lakini Papa, akifika Mbarara, hawezi kupita duka ya spea bila kuingia kusalimia. Hakuwa ananunua. Alikuwa anavuta tu harufu ya grisi, sawa mutu mwenye amekutana na ndugu. Siku ile aliingia mu duka moja ya mutu munene, mucheshi, akatoa kidole mu koti, akaiweka juu ya meza pole pole.

"Hii," Papa akasema, "hujawahi kuiona."

Yule mutu aliichukua, akaipindua, akacheka. "Hii? Banange, muzee! Wewe nafikiri ni dhahabu? Mimi iko nayo."

Akainama chini ya meza, akatoa kopo ya maziwa ya unga, akaimwaga. Kati ya misumari na buji za kutu, kulikuwa bidole tatu. Sawa sawa na ya Papa. Moja ilikuwa mupya kuishinda ya Papa.

"Gari yake ya zamani sana, sebo," yule wa duka akasema. "Yako bado natembea?"

"Iko," Papa akasema. "Inaningojea."

Hapa njo fasi yenye mudomo yangu ilipaswa kuzimika, na haikuzimika. "Papa," nikasema, "kama banaiuzisha hapa, mwizi naye si anaweza kuja kununua?"

Yule wa duka akapiga meza na mukono. "Huyu mutoto ana akili! Muzee, huyu peleka shule, usichezee!"

Papa hakucheka. Aliangalia bidole tatu, kisha akaangalia mulango ya duka, sawa mwizi iko inje kwa musitari anangojea zamu yake. Kisha akasema, "Nipe zote."

"Zote? Gari yako iko na mikono ngapi?"

"Zote."

Nilimuona anafungua kile kitambaa chenye Mama alifungia feza ya biatu. Mudomo yangu ilijifunza kunyamaza, lakini kwa kuchelewa.

Njiani, pale Kaberebere, alininunulia hindi ya kuchoma. Tulikaa juu ya mifuko, miguu yangu inaning'inia na vumbi yake. "Sasa hakuna mwenye ataiwasha," Papa akasema. Nilitafuna. Nilikuwa najua Mbarara si muji moja tu mu dunia, kuko Bujumbura, kuko Bukavu, na kila fasi kuko mutu munene na kopo yake. Lakini sikujua kama Papa naye anajua. Nilimuangalia uso mpaka hindi ikaisha, mpaka tukafika nyumbani, na sikujua.

Mama aliuliza neno moja tu: "Biatu?" Papa akapanga bidole tatu juu ya mukeka. Mama akaziangalia, akaniangalia. "Bizuri. Utavaa moja moja."

Shule nilienda na biatu bya Mama bya kanisa, bya kisigino, nimejaza makaratasi mbele. Siku ya kwanza mwalimu wa Kingereza alisimama nilipoingia, akafikiri ni mugeni kutoka ofisi. Darasa nzima ilicheka mwezi mbili, na mimi nikaona kumbe kuchekesha batu ni kazi, naifanya mpaka leo. Batu banasema niliacha shule darasa ya sita juu ya biatu. Hapana. Niliacha juu ya hesabu ya sehemu. Mutu ana machungwa mazima, kwa nini akate?

Miaka ilipita, na kila mangaribi Papa alikuwa anaweka sikio ku radio kutafuta habari ya Kampuni, sawa vile unatafuta habari ya shangazi mwenye yuko hospitali. Leo banasema imefunga kiwanda. Papa hakuli. Kesho banasema imeuzisha kamio mingi, Papa anakula ya jana na ya leo. Siku ya habari mubaya, Baba Yozefu alikuwa anapitia ku lupango, mu kiwanja yetu, na kofia mu mukono: "Shofere, pole na musiba!" Siku ya habari muzuri, Papa njo alikuwa anamufuata mpaka ku chumvi yake, anamusalimia bure mara ine. Mimi katikati sikuelewa. Kampuni inaanguka, inasimama, inaanguka, na kamio ya Papa ku Sange haisogee hata hatua moja. Kati ya Kampuni na kamio, gani njo muzima?

Leo naishi Mbarara, upande wa Biharwe, napika mandazi pembeni ya barabara ya Masaka. Nimenenepa, nimefanana na yule wa duka ya spea. Papa amezeeka, masikio imeisha, tunakaa naye pamoja na Mama, na mimi njo nimekuwa radio yake. Kila mangaribi ananivuta mukono: "Kampuni iko namna gani?" Na mimi namusomea mu simu, na sielewe zaidi ya zamani. Banasema imeacha kutengeneza gari ndogo ndogo kwao. Banasema imeanza ya umeme. Kisha ya umeme inakula hasara, banarudilia petroli. Kisha kamio zake njo zinauza. Namuambia tu, "Inavuta pumzi, Papa," na anatikisa kichwa.

Mutoto yangu Fiston ni fundi wa magari, anasema. Fundi gani mwenye mikono safi? Anachomeka kamba ya kompyuta mu gari, anaangalia kioo, anauliza gari inaumia wapi, sawa munganga mwenye anaogopa kugusa mugonjwa. Nilimuonyesha kidole ya delko. Akaipindua. "Mama, hii ni ya mashini ya kushona?" Akanieleza gari ya umeme haiko na delko, haiko na buji, haiko hata na kelele. Haiko na kelele! Sasa batoto bataicheza na mudomo namna gani?

Ni huyo Fiston njo alileta mambo. Mwezi wenye umepita alikuwa anachezea simu, akanionyesha picha yenye mutu alituma kutoka soko ya Uvira. Batu, mihogo, na nyuma yabo kamio ya bluu, imejaa mpaka juu, moshi inatoka. Mulango ya kijani. Rangi imebabuka, lakini FURAH bado inasomeka, na ile A chini, peke yake.

Nilikaa na ile picha siku tatu. Mandazi iliungua. Nikimuonyesha Papa, atajua Kampuni haikudanganya, kamio ingali inaenda. Nikimuonyesha, atajua pia haikumungojea. Ni habari muzuri ao mubaya? Niliuliza bwana yangu, akasema muzuri. Niliuliza Mama, akasema, "Ningalijua, ningalibeba sufuria."

Siku ya ine nikaweka simu mu mukono ya Papa. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Aligusa mulango na kidole yake, picha ikakimbia, nikamurudishia.

"Inaenda?" akauliza.

"Inaenda, Papa," nikamupigia kelele ku sikio.

Akacheka, meno mbili yenye imebaki yote inje. "Nilimuambia Baba Yozefu!" Baba Yozefu alishakufa, lakini Papa alisema sawa iko ku lupango. Kisha akauliza kama matairi ya nyuma ni ine ao mbili, na nani mujinga alipakia mihogo yote upande moja. Kisha, kama mutu mwenye ameamuka, akaniangalia miguu.

"Bile biatu," akasema. "Bilikuwa rangi gani?"

"Byeusi, Papa. Bya mukanda."

"Eh," akasema. "Byeusi." Akanirudishia simu.

Wakati yetu tulikuwa na gari ya kopo yenye ilienda kwa mudomo, na kamio ya kweli yenye haikuenda, na nilikuwa najua bizuri fasi tunaenda: nyumbani. Leo kamio inaenda, Kampuni inaenda ao inaanguka sijue, Fiston anauliza gari na kamba, na mimi, ukiniuliza kwetu ni wapi, naanza kucheka.

Kesho yake asubuhi Papa alivaa koti yake. Nilimuona anachukua kidole ya delko pale juu ya kabati, ile ya kwanza, ya kamio. Akaipangusa na kitambaa, akaitia mu mufuko, akatoka kuota jua.

Nilitaka kumuuliza ni ya nini sasa. Lakini niliuliza mara moja, mu duka ya Mbarara, na ikanilia biatu. Nikageuza mandazi.