Mapichi ya Mama Juu ya Mkate

Kosa langu kubwa jikoni, mwanangu, halikuwa kuunguza mkate. Nilipanga upya kazi ya mikono ya mama yangu, tena mbele ya wajukuu wake.

Ilikuwa Jumamosi, hapa Haydom. Mama alishuka kwenye basi kutoka Gitting, amebeba kikapu cha mapichi. Kwetu, anayeleta matunda ya shamba lake ndiye anayewagawia watoto kwa mkono wake. Nilijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimejifunza kitafunwa kwenye simu: mkate ukaushwe kwenye kikaango, jibini ilainike juu yake, halafu vipande vyembamba vya tunda vilale sawasawa. Nilikuwa nimeharibu mkate mwingi nikijaribu, na nilitaka mama aone kwamba nimeweza.

Nilipoweka mezani mkate wenye jibini, yeye akachukua kisu, akakata mapichi manene na maganda yake, akayarundika juu ya jibini. Binti yangu Neema akacheka.

"Bibi, huu si mkate, ni mlima Hanang!"

"Basi panda. Anzia kileleni."

Kabla mtoto hajauma, nikauchukua ule mkate. Nikamenya vile vipande, nikavikata upya. Sijui niliogopa nini. Mama akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Endelea, baba. Wewe unajua zaidi."

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alikaa akiwatazama wajukuu wakila tunda lake kutoka mkononi mwangu. Hakuja tena. Msimu wa mapichi uliofuata haukumkuta hai.

Nimejaribu mara nyingi kuutengeneza ule mlima wake. Mkono wangu unakataa, unapanga tu.

Sijafikia umri wa kumwita mtu nisiyemzaa mwanangu, lakini hili nimelijua mapema kuliko nilivyopenda. Mkubwa akishika kisu jikoni kwako, mwache akate anavyokata. Mkate mzuri utautengeneza kesho pia. Mungu akujalie miaka mingi ya kulishwa na waliokulea, na akupe moyo wa kupokea bila kurekebisha.

Siku hizi Neema ndiye anayekata matunda. Vipande vyake vimepinda, na jibini inachuruzika pembeni. Nakula kama alivyoniwekea.