Jasho la Mwalimu Masanja

Siku ile naikumbuka hadi shati nililovaa, mwanangu, na kila nikiikumbuka najichukia upya. Wageni walivuka kutoka Sengerema kuja kwetu Usagara kumposa dada yangu Kabula. Mposaji mwenyewe, mwalimu Masanja, aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, ameinama, kama heshima yetu inavyotaka. Aliponifikia mimi, viganja vyake vilikuwa vinachuruzika jasho. Nikajifuta kwenye suruali mbele ya watu wote, taratibu, ili aone.

Kisha nikafungua domo. "Baba, huyu ana analoficha. Mtu asiye na hila halowi hivi."

Wazee wakanong'onezana. Wageni wakaaga kabla ya chakula, Kabula akabaki jikoni analia, kuku yuko sufuriani.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenifuata uani. Miaka yote nilimwona amefunika mikono kwa kanga, nikidhani ni mazoea yake tu. Akaifunua. Viganja vimelowa chapachapa.

"Niko hivi tangu usichana wangu. Kanga nabadilisha mara tatu kwa siku. Haya niambie, na mimi nina hila?"

Kesho yake nikapanda kivuko kwenda kuomba radhi. Masanja alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Nimekusamehe, ila kwenu sirudi. Siwezi kutoa tena mkono huku naangaliwa." Posa ikafia hapo. Kabula hakunisemesha mwaka mzima, na alikuwa na haki.

Sasa wewe! Jana pale stendi ya Buzuruga nimekuona ukimpa mkono mwenzako wa kazini, halafu ukajifuta kwenye jinzi huku unacheka. Nilitamani kukuzaba kibao. Unajua anatembea na leso ngapi? Unajua ni makaratasi mangapi yamelowa mkononi mwake? Watu wazima wa namna hii wamejaa Mwanza hii, maofisini, sokoni, kanisani. Huwaoni kwa sababu mimi na wewe tumewafundisha kujificha. Si uchafu, si woga, wala si uchawi. Ni maradhi!

Ukipewa mkono uliolowa, ushike vizuri, na wako uuache ukauke wenyewe. Kamwombe radhi mwenzako leo hii, umwambie pia hospitali kuna matibabu. Shangazi alikufa hajui hilo. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, ufike mapema kuliko mimi nilivyofika Sengerema.