Bweni Lililobaki Wageni Walipoondoka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata ukiniamsha usingizini nitakusimulia mwanzo mpaka mwisho. Ni asubuhi ile baada ya mashindano kuisha, pale shuleni kwetu upande wa Kiomboi. Watu walipanda juu ya paa la bweni na nyundo zao, na mimi nimesimama chini na kibegi changu, nikijua kwamba yale mabati yakishuka yote, shule yangu nayo imekwisha.

Lakini ngoja, nimekimbilia mbele. Uzee huu nao! Acha kwanza nikae vizuri, magoti haya siku hizi hayataki kukunjwa.

Kilichonikumbusha ni nyinyi wenyewe. Jana mlikaa kwenye benchi la genge langu hapa Utemini, mnazungumzia mashindano makubwa yanayokuja mjini kwetu. Nilifurahi kusikia, nisiseme uongo. Huyu atauza jezi, yule atatafuta bodaboda nyingine, mwingine atachoma kuku mpaka wageni wajing'ate vidole. Sawa kabisa. Nikakuuliza wewe, maana ndiwe waliyekuchagua kwenye kamati ya maandalizi, "Na wageni wakishaondoka?" Ukanijibu, "Bibi, wakiondoka si wameondoka? Sisi tutakuwa tumeshakula." Mkacheka wote. Nami nilicheka, maana mnachekesha. Ila moyoni ulinichoma kidogo, na ndiyo sababu leo nimekuita peke yako.

Basi sikiliza. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, na kwetu ni bondeni, chini kabisa ya mteremko wa Sekenke, mbali hata kwa mtu mwenye baiskeli. Nilikuwa nakaa pale Kiomboi mjini kwa shangazi yangu. Sasa mwaka ule mume wa shangazi akapata kazi stesheni ya Itigi, wakahama na vyombo vyao vyote, nikabaki sina pa kulala. Baba akaja, akakata maneno: "Maliza hayo mashindano yenu, kisha unarudi nyumbani. Binti yangu hapangi chumba mjini." Usimwone mkatili. Wasichana waliokuwa wamepanga vyumba tuliwajua, na baadhi yao walirudi kwao na mimba, na baba aliyaona hayo kwa macho yake. Aliogopa, basi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya shule za sekondari, kutoka Tabora, Dodoma, Shinyanga, na huku kwetu Singida. Sijui nani huko juu alituchagua sisi tuwe wenyeji. Uwanja wetu ulikuwa na vichuguu na miiba, na wasichana wageni hawakuwa na hata banda la kulala. Loo, lakini watu walivyoamka! Wazee walileta ng'ombe wa kulimia, wakawafunga gogo kubwa, wakawa wanaliburuta uwanjani kutwa nzima mpaka pakalala sawasawa. Kikachimbwa kisima. Kina mama wakabeba maji, vijana wakafyatua tofali na kuzichoma, kuta za bweni la wasichana zikasimama tunaziona. Tatizo likawa paa. Mabati hayakuwepo, milango hakuna, vitanda hakuna, na wageni wako njiani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Msengi, mtu mpole, mwenye sauti ya chini mpaka umsogelee ndipo umsikie. Akasema, "Tufanye kama harusi."

Wewe umezaliwa mjini, pengine hujui vizuri. Kwetu harusi ikija, au msiba, kila nyumba inaleta kitu. Huyu sufuria, yule mkeka, mwingine vigoda. Kila mtu anaweka alama yake, mkaa au uzi mwekundu, na shughuli ikiisha kila mtu anachukua chake kabla jua halijazama, ili kusitokee maneno. Ni utaratibu mzuri, umetulea. Basi tukaufanya hivyo hivyo. Watu walibandua mabati kwenye maghala yao ya mtama, wakaleta vitanda vya kamba, mafremu, misumari iliyonyooshwa kwa nyundo. Kila bati lina alama ya mkaa ya mwenyewe.

Palikuwa na mjane mmoja jirani na shule, Bibi Salome, mfinyanzi wa vyungu. Mama mkali yule! Ukipita mbele yake bila shikamoo anakurudisha ulikotoka upite upya. Bati hakuwa nalo, nyumba yake ilikuwa ya tembe, paa lake udongo mtupu. Akang'oa mlango wake mwenyewe, mlango wa mninga alioachiwa na marehemu mume wake, akaupeleka kwenye bweni. Pale kwake akatundika mkeka. Watu wakamwambia, "Bibi, na fisi je?" Akawajibu, "Fisi aje afuate nini? Mifupa hii? Atajuta."

Basi wageni wakaja. Mwanangu, mimi nimeona mengi, nimeona na hizi televisheni zenu kubwa kama ukuta, lakini sijaona tena furaha kama ile. Malori yanaingia yamejaa watoto wanaoimba, vumbi mpaka mbinguni. Shule ya wenyeji nasi tuliwekwa kambini, kwa hiyo nikalala bwenini na wasichana wa shule nyingine. Taa ya karabai inaning'inia katikati, mmoja anafundisha wimbo wa kwao, mwingine anacheka jinsi tunavyovuta maneno. Wa Itigi walikuja na asali kwenye kopo, tukawa tunachovya vidole kwa zamu. Wa Tabora mmoja aliogopa mlenda, akasema unateleza. Tulimcheka mpaka akaula, na siku ya pili akaomba aongezwe.

Mimi nilikimbia mbio ndefu. Usinitazame hivyo, magoti haya yalikuwa na kazi zamani. Sikushinda. Msichana wa Dodoma alinipita kwenye mzunguko wa mwisho kama vile mimi nimesimama kununua karanga. Lakini nilipofika mwisho, watu wa Kiomboi walinipigia vigelegele utadhani nimeleta kombe. Nikalia. Nililia kwa furaha, na nililia pia kwa sababu nilijua ninaaga.

Siku ya kufunga ikapita, malori yakaondoka, nyimbo zikapotelea barabarani. Asubuhi yake ndiyo ile niliyoanza nayo.

Watu wakaja kuchukua vyao. Hakuna aliyekuwa mbaya, nataka ulielewe hilo. Walikuwa wanafanya kama walivyolelewa. Shughuli imeisha, kila mtu na chake. Wengine juu ya paa wanang'oa misumari, wengine wanatoa vitanda nje. Mlango wa Bibi Salome walishautoa kwa heshima zote, wameuegemeza ukutani, wanamsubiri. Baba naye kafika, kashika baiskeli, kibegi changu anataka kukifunga nyuma. Nilitaka kusema neno, lakini mbele ya wazee wale wote, msichana wa rika langu angesema nini?

Bibi Salome akaja. Kijana mmoja akamkimbilia, "Shikamoo bibi, mlango wako huu hapa, tutakubebea."

"Marahaba. Nani kakwambia nimefuata mlango?"

Mzee Msengi akasogea, kwa ile sauti yake ya chini, "Bibi, shughuli imekwisha. Wageni wameshaondoka."

"Wageni wameondoka, wenyeji je?" Akageuka, akaninyooshea kidole mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. "Huyu naye mgeni? Juzi mlimpigia vigelegele kwamba ni mtoto wetu. Leo mnambomolea juu ya kichwa chake, analala wapi?"

Nyundo zikasimama. Mtu mmoja pale juu akasema taratibu, "Bibi, ndivyo tunavyofanya siku zote. Hata harusi ikiisha, kila mtu anabeba sufuria yake."

Eh! Afadhali angenyamaza. Bibi Salome akashika kiuno, akainua uso kumtazama.

"Harusi ikiisha mnabeba sufuria, ndiyo. Na bibi harusi je? Naye mnambeba mnamrudisha kwao?"

Watu wakaangua kicheko, mpaka yule wa juu ya paa akajishika asianguke. Yeye mwenyewe hakucheka. "Nyumba hii ndiyo bibi harusi," akasema. "Ngoma zile zote, vumbi lile lote, ng'ombe kuburuta gogo, ilikuwa ni kumleta huyu. Sasa mnataka mbaki na sufuria, mumfukuze bibi harusi. Akili gani hiyo?" Kisha akamwambia yule kijana, "Rudisha mlango wangu pale ulipoutoa. Na upige misumari sawasawa, usinilegezee."

Baba bado kashika baiskeli. Akamwamkia, akasema kwa adabu, "Bibi, mimi nimekusikia. Lakini watoto wa kike peke yao humu ndani, nani atawaangalia?"

"Mimi," akasema. "Nyumba yangu haina mlango. Nikalale kule nikifanya nini?"

Baba akanirudishia kibegi changu mkononi. Akapanda baiskeli akaondoka, na alipofika barabarani nikaona anajifuta uso kwa mkono. Mimi nilikaa chini palepale kwenye mavumbi, nikalia kama mtoto mdogo. Bibi Salome akanikemea, "Inuka, kalete maji. Humu ndani pananuka miguu ya mikoa yote."

Sitakutilia chumvi nikuambie kwamba kila mtu aliacha bati lake. Wapo waliochukua, na wengine walikuwa na haki, maghala yao yalikuwa wazi na mvua inakaribia. Kona moja ya bweni ilivuja masika yote, tukawa tunahamisha vitanda kila wingu likijikusanya. Lakini Mzee Msengi aliacha yake, na wengi wakamfuata, na mavuno yalipoingia wengine wakarudisha yale waliyokuwa wamechukua. Mwaka uliofuata wasichana walijaa. Wakaja wa Mkalama, wakaja wa bondeni kwetu, hata mdogo wangu baba alimleta mwenyewe kwa baiskeli ile ile, bila kuitwa. Mimi nikamaliza shule, nikasomea ualimu, nikafundisha mpaka kustaafu. Wasichana niliowafundisha, wengine leo ni wakunga, wengine wanaendesha mashine za kukamua alizeti, mmoja ni daktari na ananigombeza kuhusu chumvi.

Bibi Salome alilala bwenini na wasichana miaka mingi, mpaka macho yake yakafifia. Hakuwahi kupewa cheo wala cheti. Nani alishinda kombe mwaka ule? Hata mimi niliyekuwepo sikumbuki. Lakini mwaka jana nilipita pale. Bweni limejengwa upya, kubwa, la ghorofa. Kisima bado kinatoa maji, na ule uwanja watoto bado wanakimbia. Nilisimama kwenye uzio nikawatazama. Nikasikia wivu, nakwambia ukweli. Nikatamani nivue viatu niingie.

Ndiyo maana jibu lako la jana lilinichoma, mwanangu. Sikukatazi kula. Uza, imba, pika, vaa jezi, wageni wetu waondoke wakisema Singida kuna watu. Ukarimu nao unabaki, na rafiki niliyempata bwenini mle, yule wa Itigi mwenye kopo la asali, tunapigiana simu mpaka leo. Lakini kwenye hicho kikao chenu cha kamati, kabla hamjagawana nani atauza soda wapi, inua mkono uulize: hiki tunachojenga, nani atakaa ndani yake mwaka ujao? Uwanja mkiusawazisha, watoto wa mtaa wataruhusiwa kuingia, au mtaufunga kufuli? Vyoo na bomba la maji vitabaki shuleni, au ni vya kukodi vinavyorudi na lori? Na mtaje mtu kabisa, kwa jina, atakayebaki kuvitunza, maana mabati yale yangeng'olewa yote kama asingepatikana mtu wa kusema "mimi". Yapange hayo mapema, wakati watu wote bado wana furaha na mikono iliyo tayari kutoa. Ukingoja mpaka siku ya kufunga, utakuta nyundo ziko juu ya paa.

Wakikucheka, wacha wacheke. Hata Bibi Salome walimcheka.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu awaleteeni wageni wengi, na mvua isiwaharibie mchezo. Akupe maneno kwenye kikao na akupe wazee wa kukusikiliza. Na malori yakishaondoka, kelele zikatulia, akupe macho ya kumwona mtoto atakayekuwa bado amesimama pale uwanjani na kibegi chake, na akupe ujasiri wa kumwambia abaki. Amina. Nenda, mwanangu.