Mkasi Wangu na Pazia la Watu

Jamani, mkasa huu hata mume wangu haujui, na nikiwasimulia leo ni kwa sababu nimechoka kukaa nao peke yangu, kila nikisikia mtu anasema "Mama Rehema huyu, muungwana kweli kweli" natamani kujificha. Muungwana gani! Mimi ndiye yule mwanamke aliyetia mkono kifuani mbele ya umati wa Wachina akatoa kitu cha wizi. Chekeni kabisa mmalize, halafu mnisikilize.

Miaka ile ya tisini mwishoni, sisi tuliokuwa tukienda Guangzhou kutoka Tanga tulikuwa wa kuhesabika (na wanawake ndio usiseme), na mimi biashara yangu ilikuwa vitambaa, siku sita kwa wiki niko soko la Zhongda. Sasa mnunuzi wa vitambaa kule silaha yake mkasi. Ukiipenda roli ya kitambaa unakata kipande kama kiganja, unakibandika kwenye daftari la sampuli, unaandika duka na bei, jioni unakaa hotelini unachagua. Wangu ulikuwa mkasi wa meno, ule unaokata zigizaga ili nyuzi zisifumuke, nimetoka nao nyumbani, na malaoban wenye maduka walishanizoea hata wakawa wananisogezea roli kabla sijafungua mdomo. Sikuwa naomba tena, nakata tu. Mazoea yana taabu, nyie.

Mkalimani wangu alikuwa binti mmoja, Ling, amesomea Kiswahili chuoni Beijing, anakisema kwa ufasaha utadhani anasoma taarifa ya habari ("Mama Rehema, tafadhali chukua tahadhari, ngazi inateleza"), na nilimpenda kama mwanangu wa kumzaa. Siku moja akaniambia Jumapili anataka kunipeleka Panyu, nje ya mji, kwa bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa mlinzi wa nyumba ya kale ya tajiri mmoja msomi wa zamani, pamoja na bustani zake. Nyumba ni ya serikali, watu wanakata tiketi kuingia kutazama, na bibi kapewa kichumba cha getini aishi humo maadamu anaitunza. Kwingine pa kwenda hana.

"Hajawahi kupata mgeni kutoka Afrika," Ling akasema. "Ameniuliza mara tatu kama kweli utakuja."

Basi nikaenda, nimejitia manukato, nimejitanda mtandio mpya, na kwenye mkoba (mjinga mimi) daftari la sampuli na mkasi, kwa sababu nilikuwa sitoki bila hivyo kama vile wewe usivyotoka bila viatu.

Bibi, A-Po tukimwita, alikuwa mfupi, mkavu, macho yake yote mawili yana ukungu wa mtoto wa jicho, akanishika mkono getini na hakuniachia tena. Akatuzungusha kote, bwawa lenye pembe nane, daraja lenye paa, mawe yaliyopangwa yakawa mlima wa uongo, madirisha ya vioo vya rangi, na kila mahali anasimama anaeleza, Ling anafasiri, mimi naitikia "Mashaallah." Wageni wengine wakawa wanatufuata, nadhani wengi walikuwa wananitazama mimi kuliko nyumba.

Mwisho tukafika chumba cha bibi harusi. Kitanda chenyewe ni kama nyumba ndani ya nyumba, mbao zimechongwa juu hadi chini, na kimefunikwa pazia la hariri nyekundu iliyoiva, limefumwa makomamanga na ndege wawili wawili wanaotazamana, na pindo lake... Pindo lile, mashoga zangu! Mimi nimezaliwa kwenye kanga, nimekulia kwenye kanga, sijaona pindo kama lile. Papo hapo nikaona sare ya harusi, wanawake hamsini wameivaa, Tanga nzima inauliza Mama Rehema kaitoa wapi.

A-Po akasema twende tukanywe chai, akatangulia na Ling kwenda kuiandaa. Nikasema nakuja. Nikabaki peke yangu na lile pazia.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga picha. Kwa sababu laoban ukimpelekea picha anakwambia "meiyou", hakuna, kwisha. Anataka akishike kitambaa akisugue kwa vidole. Nami nikajiambia, nyuma kule ukutani, pindo la ndani, nani atakwenda kutazama? Kipande kidogo tu! Nikainama juu ya kamba iliyozuia watu, na wallahi kabla akili haijamaliza kufikiri mkono ulishakata. Nikasikia nyayo, daftari liko chini kabisa mkobani, basi nikakisukumiza kipande kwenye sidiria, nikatoka natabasamu.

Tukakaa uani, chai, maandazi yao yale ya mvuke, A-Po ananijazia sahani mwenyewe. Akaomba alione daftari langu, maana kumbe ujana wake alikuwa mshonaji. Kwa kuwa haoni vizuri akawa anapapasa vile vipande kimoja kimoja, akifika ukingoni anachekea zile zigizaga, anauliza zimekatwaje, nami bila haya nikatoa mkasi nikamkatia karatasi. Akapapasa karatasi, akacheka kama mtoto. Kitambaa cha watu kiko kifuani kinaniwasha.

Saa kumi alasiri msimamizi mmoja wa ofisi, kijana wa koti la kijani na rundo la funguo kiunoni, akapita vyumbani na daftari lake kabla ya kufunga. Tukasikia ukelele. Akamwita A-Po, tukaenda sote, na wageni nyuma yetu. Alikuwa amelishika lile pindo, anaonyesha tundu.

A-Po akainama. Hakulitazama, alilipapasa. Vidole vikapita kwenye meno ya zigizaga, vikarudi, vikasimama. Nikajua kajua. Hakugeuza uso upande wangu hata kidogo. Akainuka akamwambia kijana neno fupi.

Nikamnong'oneza Ling, "Kasema nini?"

"Anasema ni panya," Ling akajibu.

Kijana akapandisha hasira. Ling akawa anafasiri taratibu, neno kwa neno, macho yake usoni kwangu. "Anasema panya hawakati namna hii. Anasema bibi amezeeka, haoni. Anasema kama hawezi kutunza, afungashe vitu vyake ahame getini kabla ya mwisho wa mwezi."

Na A-Po kasimama, mikono kaiweka mbele kama mwanafunzi. Ananisitiri mimi, mgeni wake! Mimi niliyemlia maandazi yake!

Nawaambieni, nilisimama pale nikasubiri. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko mkasi. Nilisubiri labda kijana atachoka, labda mambo yataisha yenyewe, nikahesabu pumzi kama nne tano hivi huku bibi wa watu anafukuzwa kwa ajili yangu. Halafu midomo ya A-Po ikaanza kutetemeka, nami nikashindwa. Nikatia mkono kifuani, na kile kipande jasho limekigandisha, hakitoki, natafuta kulia, natafuta kushoto, mtandio umeanguka, wageni wametoa macho, mama mmoja kamziba mtoto wake uso kwa kofia. Nikakitoa kimelowa. Nikakinyoosha mbele ya kijana nikasema kwa Kiswahili, maana lugha zote nyingine zilinikimbia, "Ni mimi. Bibi hana kosa. Ni mimi."

Ling hakufasiri. Haikuhitajika.

Za mwizi arobaini, zangu hata saa moja hazikufika. Nikaandikishwa barua ya kukiri kosa, Ling akaigeuza Kichina, akalazimishwa aisome kwa sauti mbele ya watu wote, akaisoma moja kwa moja bila kukwama, masikio yamemwiva, nami nikatia dole gumba kwenye wino mwekundu. Kijana akamwachia A-Po kichumba chake, kwa sharti pazia lishonwe kabla hajafunga mlango.

A-Po akaleta sindano na uzi mwekundu. Akajaribu kutunga mara mbili, macho yakamkatalia, akaninyooshea mimi. Nilitunga uzi ule kama natunga kwenye tundu la unywele. Akakaa sakafuni akashona kwa kupapasa, jino la zigizaga ndani ya jino, mpaka kipande kikakaa mahali pake. Alipomaliza akasema kitu, nikajua sasa nalaaniwa.

"Anauliza mbona hukumaliza kula," Ling akasema.

Nilikula, nyie. Nilikula nalia, na A-Po ananipigapiga mgongo.

Kwenye basi la kurudi Ling alitazama dirishani njia nzima. Nikamwomba radhi, akasema, "Nimekusikia, Mama Rehema," basi. Nikajua Jumatatu hatakuja, nitatafuta mkalimani mwingine.

Akaja, saa mbili kamili kama kawaida. Tukaingia Zhongda, duka la kwanza, laoban akanisogezea roli, nami nikatia mkono mkobani. Ling akanyoosha kiganja. Nikampa mkasi, akamwomba laoban ruhusa, akakata kipande mwenyewe, akakibandika kwenye daftari, na mkasi akautia kwenye mkoba wake.

Nilikwenda Guangzhou safari nyingine tano baada ya hapo, zote na Ling, na mkasi alikuwa nao yeye. Mpaka leo anao. Sijawahi kumwomba anirudishie, na nikiingia nyumba ya mtu siku hizi mtaniona nimefunga mikono nyuma, msidhani ni maringo.